Salamu Zilizoisubiri Kamba ya Begi

"Taarifa kwa Abiria Wote Kuhusu Ufungaji, Ukunjaji na Udhibiti wa Kamba Zinazoning'inia katika Mabegi ya Kubebwa Mgongoni (Toleo Lililorekebishwa)."

Hilo, ndugu zangu, ni jina tu. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi kuliko jina lake: funga kamba zako. Lakini lilikuwa na muhuri, limewekwa ndani ya kioo, na chini ya kioo walisimama maofisa wawili ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba aliyelisoma amelielewa. Na hilo neno "Lililorekebishwa" msilipite haraka. Maana yake watu wazima, wenye familia zao, walikaa kikao wakakubaliana kwamba tangazo la kwanza kuhusu kamba lilikuwa na mapungufu.

Mbele ya kioo hicho, asubuhi moja, alisimama kijana msafiri. Nasema msafiri kwa sababu ndivyo alivyojiita mwenyewe. Shangazi zake walikuwa na jina jingine, kwa kuwa hawakuelewa mtu mwenye kitanda chake nyumbani anatafuta nini kwenye vitanda vya watu. Alikuwa mmoja wa hawa vijana wa siku hizi wanaozunguka nchi za watu na begi mgongoni: leo yuko ziwani, kesho yuko mlimani, keshokutwa anatuma picha ya kikombe cha chai. Nguo za kubadilisha, ndala, mswaki, basi. Na kama alikuwa na majivuno, yalikuwa hapo. "Mimi sina mzigo," alipenda kusema. "Nikiamka nimeshafunga safari."

Siku hiyo alikuwa anaruka kutoka nchi moja kwenda nchi jirani. Majina ya nchi siyataji. Nikiitaja moja, nyingine itacheka, na zote mbili hazina haki ya kucheka. Zimepakana kiasi kwamba mbuzi wa mpakani analala huku na kula kule bila kuulizwa kitu. Ni binadamu tu anayetakiwa kuvua mkanda.

Basi alifunga kamba zake. Ofisa wa kwanza akazitazama, akamwambia azikunje. Akazikunja. Ofisa wa pili akasema bado hazijadhibitiwa. Begi likazungushiwa nailoni mpaka likafanana na mgonjwa aliyetoka kufungwa bandeji, na kijana akalipiga picha kwa simu, kwa kuwa ni mtu aliyesafiri na anajua kwamba ofisi inaamini picha kuliko macho.

Alipokwisha kulikabidhi begi kwa watu wa mizigo, akiwa anaelekea kwenye lango la ukaguzi, alimwona mama mmoja mtu mzima, amejitanda kanga, amesimama pale ambapo wasiosafiri wanatakiwa kuishia. Hakuwa na mzigo. Hakuwa anamsindikiza mtu. Alikuwa anawatazama abiria usoni, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua nyanya.

"Shikamoo, mama," kijana akasema, kwa sababu macho yao yalikutana.

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda kwa jirani?"

"Naam. Ndege hii ya sasa."

"Una mizigo mingi?"

Kijana akatabasamu, akidhani ameshajua mazungumzo yanakoelekea. "Mama, nisamehe. Mzigo wa mtu nisiyemjua sibebi. Hata pale wameandika."

"Na wamefanya vizuri," mama akasema. "Sina mzigo. Nina salamu."

Hapo, ndugu zangu, mimi na nyinyi hatuna cha kushangaa. Kwetu mtu akiwa na neno zito la kufika mbali, neno ambalo simu hailiwezi, huenda mahali watu wanapoondokea, akatafuta uso. Wazee wetu walikwenda stesheni na stendi. Huyu alikuja uwanja wa ndege.

"Nina mwanangu," alisema. "Anafanya kazi huko huko utakakoshukia, upande wa mizigo. Anaitwa Mbaruku, na jina wanavaa kifuani, huwezi kumkosa. Yeye na baba yake walikosana. Mzee alimtoa nyumbani mbele ya watu, kwa maneno. Maneno gani, usiniulize. Sasa mzee amelala. Daktari hasemi kitu, nikimwuliza anatazama dirishani. Jana mzee kaniita, kasema: mwambie Mbaruku radhi yangu anayo. Anayo siku nyingi, ni mimi tu niliyekuwa nimekaza shingo. Aje nimwone."

"Si umpigie simu, mama? Ni dakika moja."

"Akiona namba ya huku anaikata. Na simlaumu. Siku ya mwisho aliyopokea, alipokea matusi. Halafu mzee mwenyewe kasema, nilimtoa kwa mdomo, arudishwe kwa mdomo. Mimi siwezi kumwacha mgonjwa peke yake nikapanda ndege. Na ndugu wote wameshagawana, huyu upande huu, yule upande ule, ukimtuma mmoja mwenzake anauliza kwa nini si yeye. Ndiyo nimekuja kutafuta mtu asiyetuhusu."

Kijana aliguswa. Nataka mlijue hilo mapema: alikuwa mtu mwema. Aliweka mkono kifuani, akasema, "Mama, hiyo niachie mimi."

"Irudie nisikie."

Akairudia: radhi yangu anayo, anayo siku nyingi, aje nimwone.

"Usimpe mtu amfikishie. Mwambie wewe. Ukimwona tu, kabla ya jambo lingine lolote, mwanangu. Mzee hana muda wa kungoja."

"Hesabu kwamba ameshaambiwa, mama."

Mama akafuta macho kwa pindo la kanga, akamsomea dua ndefu kuliko safari yenyewe.

Maana safari yenyewe ilikuwa ile ya ndege kupanda, kufikiri kidogo, na kushuka. Abiria waligawiwa juisi na karanga, na kabla hawajafungua karanga wakaombwa warudishe vikombe. Kijana hakujali. Alikaa dirishani, midomo ikichezacheza, anarudia maneno ya mzee asije akayapunguza. Aliona raha. Amezunguka nchi nyingi akiwa amebeba ndala na mswaki; leo kwa mara ya kwanza amebeba kitu. Alijiona akimshika Mbaruku bega, akaona Mbaruku analia, na, tuseme ukweli, akajiona na yeye mwenyewe anaonekana vizuri kidogo katika picha hiyo. Sisi tukitumwa jambo la heri hatukosi kujiwekea kiti cha mbele.

Wakatua. Akaeleza alikotoka kwa ofisa ambaye alikuwa ameshika pasi inayoeleza alikotoka. Akaenda kusubiri begi.

Begi likaja. Nailoni ilikuwa imechanika kama gazeti la juzi, na kamba ya kifuani, ile yenye kifungo, ilikuwa imekatika. Haikulegea, haikuchakaa, imekatika, na kipande chake hakipo. Kamba hiyo ilikuwa imemshikilia begi kwenye mvua na kwenye milima, na asubuhi ile ile alikuwa ameifunga, ameikunja na kuidhibiti kama serikali inavyotaka. Jamani, mtu ambaye hakutii sheria akipata hasara hunyamaza. Mtu aliyetii, akipata hasara, hapo ndipo damu inapochemka.

Akaelekea moja kwa moja kwenye dirisha lililoandikwa "Madai ya Mizigo Iliyopotea, Kuharibika au Kubadilika Sura". Palikuwa na foleni. Ilipofika zamu yake alikuta mwanamume mwembamba, sare imepigwa pasi vizuri, macho yamechoka. Na kifuani, kwenye kibati, limeandikwa jina: MBARUKU.

Hebu tusimame hapa kidogo. Mtu anayemtafuta amemkuta. Hakuzunguka, hakuuliza, hakupotea. Mwenyezi Mungu amemwekea mbele yake, na kati yao kuna kioo chenye tundu la kusemea. Kilichobaki ni kufungua mdomo. Nyinyi mngefanyaje? Msijibu haraka.

Kijana akasogea karibu na tundu. Maneno ya mzee yalipanda mpaka kwenye ulimi. Lakini pale pale likaja wazo jingine, lenye akili sana. Nikimwambia sasa, alifikiri, nitakuwa nimelainika. Huwezi kumpa mtu radhi ya baba yake halafu umgeukie umwulize kamba yangu iko wapi. Na akianza kulia, dai langu litasikilizwa na nani? Kwanza tumalize haki yangu. Halafu nitampa salamu zake kwa utulivu, pembeni, kama inavyostahili.

Mnaona lilivyokuwa wazo zuri? Hakukataa kufikisha amana. Aliiwekea utaratibu tu.

"Karibu, kaka. Pole na safari," alisema Mbaruku.

"Kamba yangu imekatwa."

"Pole sana. Ilikuwa inaning'inia?"

"Haikuwa inaning'inia."

"Nauliza kwa sababu hapa pameandikwa, kamba inayoning'inia ikikatika, ni ya abiria mwenyewe."

"Ilifungwa, ikakunjwa, ikadhibitiwa. Picha hii hapa."

Mbaruku akaitazama picha kwa makini, akaikuza, akaipunguza. "Kwenye picha hii kamba haionekani."

"Haionekani kwa sababu imefungwa!"

"Ndiyo, kaka. Lakini kamba nisiyoiona siwezi kuandika kwamba nimeiona imefungwa."

Foleni ikacheka. Mtu mmoja nyuma, mwenye tumbo na haraka, akapaza sauti: "Kijana, chukua pole yako ukalale! Kamba tu hiyo, si mguu!"

Wakacheka tena. Hapo kijana akasahau kabisa kwamba Mbaruku ni mtoto wa mtu. Aliona kioo, sare na kicheko.

"Sikukatalii, kaka," Mbaruku akasema taratibu. "Nipishie huyu dada mwenye mtoto, halafu nitakutafutia njia. Ipo njia."

"Namtaka mkubwa wako."

"Kaka, nakuomba. Usimwite. Mimi na yeye hatuko vizuri siku hizi."

"Namtaka mkubwa wako!"

Mkuu wa zamu akatoka. Alikuwa bwana mpole wa sauti, ambaye alitaka jambo moja tu katika maisha, foleni isipige kelele. Akauliza, "Ndugu abiria, amekujibu vibaya?"

Swali dogo. Kijana alijua jibu lake. Mbaruku alikuwa amemkaribisha, amempa pole, amemwita kaka. Lakini foleni ilikuwa imemcheka, na kicheko lazima kipate mwenyewe.

"Ndiyo," alisema. "Amenidharau mbele ya watu."

Mkuu wa zamu akageuka. "Mbaruku, wewe tena? Ondoka hapo dirishani. Kaa nyumbani wiki nzima, upumzishe ulimi wako."

Mbaruku hakubisha. Alivua kibati, akakitia mfukoni, akatoka kwa mlango wa pembeni, akapita karibu na kijana kiasi ambacho hata mnong'ono ungemfikia. Na kijana, nawaambia, alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, hajapunguza hata moja. Lakini utamwambiaje mtu uliyetoka kumfukuzisha kwamba umetumwa kwake na mama yake? Atakuuliza ulijua tangu lini.

"Saini hapa, ndugu abiria," mkuu wa zamu akasema.

Akasaini. Alipoinua kichwa Mbaruku hayupo. Akauliza kaenda wapi, akaambiwa mlango ule ni wa wafanyakazi. Akauliza anaishi wapi, akaambiwa habari za wafanyakazi hazitolewi kwa abiria, hasa abiria mwenye malalamiko. Utaratibu huo ulikuwa mzuri; leo ndipo alipouona ubaya wake.

Walimletea kamba nyingine kutoka chumba cha mizigo iliyookotwa, ya rangi ya chungwa, begi likiwa la kijani. Wakampa na barua ya kuombwa radhi, yenye muhuri. Ndiyo, ndugu zangu, siku hiyo uwanjani radhi iliombwa na kutolewa kwa maandishi, kwa ajili ya kamba.

Basi la kwenda mlimani lilikuwa linangoja. Akasema, nikirudi nitampitia. Akapanda.

Huko mlimani alipiga picha kama kawaida. Lakini wenzake waliona kwamba amekuwa mzito wa kutembea. Kila akisimama kufunga ile kamba ya chungwa kifuani, vidole vilichelewa. Mara mbili tatu alitaka kushuka, na kila mara akajiambia kwamba bado, kwamba mzee aliyeweza kukaza shingo miaka yote hiyo hawezi kushindwa kungoja siku chache. Tunajua kumsingizia mgonjwa nguvu asizokuwa nazo, ili sisi tusikatize safari.

Alirudi wiki ilipokwisha. Dirishani hapakuwa na foleni. Mbaruku alikuwa amerudi kazini, sare imepigwa pasi vile vile, kibati kifuani, na kofia nyeupe kichwani ambayo siku ile hakuivaa.

Alimtambua. "Karibu, kaka," akasema, bila kinyongo. "Imekatika tena?"

Kijana hakungoja. Aliyamwaga yote pale kwenye tundu la kioo, mama, kanga, lango la ukaguzi, neno kwa neno: radhi yangu anayo, anayo siku nyingi, aje nimwone.

Mbaruku alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Baba tumemzika Jumanne. Nasema tumemzika. Wamemzika. Alipokufa ndipo nilipofuatwa na jirani yetu, tukafika watu wanarudi kutoka makaburini."

"Mbaruku, kaka yangu..."

"Hayo maneno ulipewa lini?"

"Siku ile nilipokuja."

"Siku ya kamba?"

"Siku ya kamba."

"Kabla hujafika hapa dirishani, au baada?"

"Kabla."

"Na jina langu ulikuwa unalijua."

"Nilikuwa nalijua."

Mbaruku akatikisa kichwa kama mtu anayekubali kwamba mambo yote sasa yamejazwa sawasawa. "Wiki ile, mpaka jirani aliponifuata, nilikuwa nyumbani," alisema. "Sikuwa na kazi ya kufanya. Nililala chali natazama dari." Halafu akamwuliza kama ana jambo lingine, kwa sababu nyuma yake palikuwa pameshafika mtu.

Ndugu zangu, tusiharakishe kumhukumu kijana yule. Kamba yake ilikatwa kweli. Haki alikuwa nayo, picha alikuwa nayo. Na radhi ya mzee, mimi nataraji kwa Mwenyezi Mungu kwamba ilishaandikwa tangu pale ilipotoka kinywani mwake. Lakini kuna kitu hakiandikwi: baba kumwona mwanawe akiingia mlangoni. Hicho kilikabidhiwa kwa binadamu akipeleke, na binadamu akakiambia kisubiri.

Sasa sisi. Tumekaa hapa safu moja, bega kwa bega. Hakuna kati yetu aliyebeba neno la mtu? Hakuna aliyeambiwa na ndugu yake, "ukimwona fulani mwambie yamekwisha," na fulani huyo yuko nyuma yetu hapa, safu ya tatu, nasi tunangoja kwanza atusalimie yeye? Hakuna mwenye neno lake mwenyewe la kusamehe, amelishika ulimini, anasema nitalitoa, lakini kwanza akiri kuhusu ule mpaka wa shamba, kwanza anieleze kwa nini hakuja harusini? Sisi hatuwanyimi watu msamaha, hasha. Tunawapanga foleni. Tunatanguliza kamba, na kamba haziishi, maana kila moja ikipatikana nyingine inaning'inia. Na ajabu ni kwamba sisi wenyewe, kila siku, tunaomba tusamehewe papo hapo, bila foleni, bila kuulizwa kama yetu ilifungwa au iliachwa inaning'inia.

Tukitoka hapa, kabla hata ya kutafuta viatu, kila mmoja amtafute mtu wake. Amwambie neno lake, au neno alilotumwa. Likitoka vibaya, litoke vibaya.

Maana kilichotokea ni hiki. Mzee alikufa akiuliza kama mwanawe amefika. Mwanawe alikuwa mwendo mfupi wa ndege kutoka kitandani pale, nyumbani kwake, hana kazi ya kufanya. Hakuja kwa sababu hakuambiwa.